Hirizi ya Chuma

Wengi wenu mmekwisha kuniuliza habari za kovu lililoko katika kiganja changu cha kulia, nami nimewajibu kwamba niliunguzwa na sufuria ya uji jikoni kwa mama. Maneno hayo hayakuwa kweli. Mwaka huu ni wangu wa mwisho shuleni hapa, na sioni vema kuondoka nikiuacha uongo nyuma yangu. Kwa hiyo nimemwomba mhariri anipe nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili niwaeleze jinsi kovu hili lilivyopatikana, na jinsi lilivyonifundisha tofauti ya vifaa vinne ambavyo nilidhani navifahamu.

Kwetu ni Kapchorwa, mashariki ya Uganda, katika mteremko wa Mlima Elgon. Watu wa huko ni wakulima wa kahawa na ndizi, na mto Sipi hupita katikati ya mashamba yao, ukianguka magengeni mara tatu kabla ya kufika bondeni. Poromoko lililo kubwa kuliko yote lakaribia mita 100. Ukisimama chini yake huwezi kumsikia mwenzako ila akusemeze sikioni. Wageni huja kutoka Kampala na kutoka ng'ambo kuyatazama maji hayo, na wengine hawaridhiki na kutazama tu. Hutaka kuteremka gengeni kwa kamba, kando ya maji. Kuwateremsha watu hao ndiyo kazi ya mjomba wangu, nayo ndiyo iliyonilipia karo tangu Kidato cha Tatu. Kila likizo humsaidia: hubeba kamba, huzikagua kwa vidole tangu mwanzo hata mwisho, na huwavalisha wageni mikanda na kofia ngumu.

Yafaa kwanza nieleze kazi yenyewe inavyofanywa. Mgeni hupewa kamba mbili. Ya kwanza huishika mwenyewe, nayo imepitishwa katika chuma kilichofungwa kiunoni pake. Kwa hiyo hujiteremsha pole pole. Ya pili imefungwa katika mkanda wake, na mjomba huiachia kutoka juu, mita kwa mita. Mgeni akiingiwa na kizunguzungu akaiachilia kamba yake, ile ya pili humshika. Haya basi, vyuma vinavyoishika kamba ni vya namna mbalimbali, na mjomba ana vinne.

Cha kwanza twakiita Nane, kwa sababu kimefanywa mfano wa tarakimu 8. Hakina kitu chochote ndani yake kiendacho wala kizungukacho, basi hakiharibiki upesi, nacho humteremsha mtu kwa ulaini sana. Aibu zake ni mbili. Huisokota kamba, na mkono ukiuachilia mkia wa kamba, yaani ule upande ulio chini ya chuma, hakuna kitu kingine cha kumzuia mtu asianguke.

Cha pili twakiita Bakuli, maana ni kama kikombe kidogo kisicho na kitako, chenye matundu mawili ubavu kwa ubavu. Kamba hukunjwa ikaingizwa tunduni na kuzuiwa kwa karabina, yaani pete ya chuma yenye mlango. Hiki hakisokoti kamba sana, lakini nacho pia hutegemea mkono tu.

Cha tatu ni Grigri, kilichotolewa mwaka 1991 na kampuni ya Petzl ya Ufaransa. Ndani yake mna kabari ya chuma inayozunguka. Kamba ikienda pole pole, kabari hutulia. Kamba ikivutwa kwa ghafula, kabari huzunguka na kuibana. Ukitaka kuteremka, waufungua mpini ulioko ubavuni. Jina lake lilinichekesha siku ya kwanza nilipoelezwa: katika nchi za Afrika ya Magharibi, gri-gri ni hirizi ambayo mtu huivaa ili mabaya yasimpate.

Cha nne ni kapi lenye meno. Kamba hupita upande mmoja bila taabu, lakini ikitaka kurudi, meno huikamata. Mtu apandaye jabali peke yake hulipenda kapi hili, maana kila apandapo hatua moja kapi hupanda pamoja naye, wala hana haja ya kuishika kamba kwa mkono.

Kwa muda wa miaka miwili nilimtazama mjomba akivitumia vitu hivi, nami nikajiona fundi. Nilimdharau Nane nikasema ni chuma cha wazee. Bakuli nalo nililihesabu kuwa la watu waoga, maana halina hata kabari. Moyo wangu wote ulikuwa kwa Grigri. Mara nyingi nilimwona mgeni akiteleza na kupiga kelele, na kabla kelele haijaisha kabari imekwisha kuikamata kamba, na mgeni ananing'inia salama, akiona haya. Nikasadiki kwamba mwenye kifaa kile hawezi kuanguka.

Katika likizo ya Desemba ya mwaka juzi mjomba alikwenda Mbale kwa shughuli zake. Nyuma ya shamba lake la kahawa liko jabali lenye kimo cha mita 20 hivi, ambalo sisi hufanyia mazoezi. Nilichukua kamba na Grigri bila kumwomba mtu ruhusa, nikazunguka njia ya mbuzi hata juu ya jabali, nikaifunga kamba katika bolti mbili zilizopigiliwa mwambani, kisha nikashuka tena kwa njia ile ile. Nia yangu ilikuwa kupanda peke yangu, kamba ikiwa imening'inia kutoka juu, na Grigri ikiwa kiunoni pangu. Kila nikipanda kidogo ningeuvuta mkia wa kamba kwa mkono, ili kamba isilegee.

Hakuna mtu aliyekuwapo ila binamu yangu, mtoto wa mjomba, mwenye umri wa miaka 11, aliyekuwa akichunga mbuzi. Aliniuliza, "Kaka, baba anajua?" Nikamwambia atazame mbuzi wake.

Mita za kwanza zilikwenda vizuri. Napanda, nasimama, navuta kamba, napanda tena. Lakini upesi nikatambua jambo ambalo mtazamaji wa chini halijui: Grigri haipandi yenyewe kama kapi. Kila mara yataka mkono, na jabali nalo lautaka mkono ule ule. Nilipofika kimo cha mita 12 hivi nikakosa mahali pa kutia mguu wa kushoto. Nikaona yanipasa kurudi hatua moja chini nibadilishe miguu. Kamba ilikuwa imekaza, hainipi nafasi ya kushuka. Basi nikafanya kosa langu. Niliushikilia mwamba kwa mkono wa kulia, na kwa kidole gumba cha kushoto nikaibonyeza kabari isifunge, ili nipate kamba kidogo. Mkia wa kamba ulikuwa ukining'inia hewani, haukushikwa na mtu yeyote.

Hapo mguu wa kulia ukateleza.

Wasomaji wangu, mtu aangukapo hukaza mkono. Hilo halifundishwi. Mkono wangu wa kushoto ulikaza, nao ulikuwa umeshika nini? Ulikuwa umeishika Grigri yenyewe, kidole gumba kikiwa juu ya kabari. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyokaza, na kadiri nilivyokaza ndivyo kabari ilivyozuiwa kufanya kazi yake. Nilishuka kama ndoo iliyokatika kisimani. Mkono wa kulia ulipapasa hewani ukakuta mkia wa kamba, ukaushika, na kamba ikapita kiganjani kama chuma kilichotoka motoni. Nadhani ni maumivu hayo yaliyoufungua mkono wa kushoto, maana kwa akili nisingaliufungua. Mara kabari ikabana. Nikasimama ghafula, nikaugonga mwamba kwa bega. Nilipotazama chini, mawe hayakuwa mbali nami ila mita nne au tano.

Nilining'inia pale, nikitetemeka. Sasa ilinibidi kuteremka, na kuteremka kwa Grigri kwataka mikono miwili: mmoja wafungua mpini, na wa pili washika mkia wa kamba. Wengi hudhani mpini ndio uongozao mwendo, kumbe mpini ni mlango tu. Mwendo waongozwa na mkono ulioshika mkia. Na mkono wangu huo ulikuwa umechunika, haukuweza kufumba. Nikauzungusha mkia wa kamba pajani mara tatu, kama mjomba alivyonionyesha, maana kila mzunguko huongeza msuguano. Lakini bado niliogopa kuufungua mpini.

Nikamwita binamu yangu. Nilimwambia, "Shika mkia wa kamba hapo chini uuvute kwa nguvu zako zote. Nikisema legeza, ulegeze kidogo. Nikisema vuta, vuta." Aliwaacha mbuzi waingie katika mahindi ya jirani, akaja akaishika kamba kwa mikono miwili, akaegemea nyuma kama avutaye ng'ombe mkaidi. Nikaufungua mpini kwa mkono wa kushoto. Kadiri alivyolegeza ndivyo nilivyoshuka, na alipovuta nikasimama. Hivyo mtoto wa miaka 11 akanishusha mimi, fundi, hata chini. Nilipogusa ardhi hakusema neno. Alilia tu, kisha akaenda kuwafukuza mbuzi.

Mjomba aliporudi jioni, kiganja changu kilikuwa kimetiwa maji baridi na kufungwa kwa kitambaa safi. Nilikuwa nimekwisha kutunga hadithi ya sufuria, lakini mbele yake haikutoka. Nikamweleza yote. Aliniuliza maswali mawili tu. "Uliweka fundo katika kamba?" Nikajibu, "Hapana, Mjomba." "Nani alikuwa chini?" Nikamtaja mwanawe. Akanyamaza kwa muda mrefu, akatoka nje, asirudi mpaka taa zilipozimwa. Ningalipenda zaidi kama angalinichapa.

Kesho yake alfajiri aliniamsha. Tulichukua gunia la kahawa tupu, tukaenda nalo jabalini, tukalijaza mawe hata likakaribia uzito wa mtu. Tukalining'iniza kutoka zile bolti za juu, kimo kidogo tu kutoka katika majani ya chini. Akaniambia, "Leo vifaa vitasema vyenyewe. Wewe utasikiliza."

Alianza na Nane. Akaliteremsha gunia kidogo, laini kabisa, kisha akaondoa mkono. Gunia likaanguka, puu! Akafanya vivyo hivyo kwa Bakuli, na gunia likaanguka vile vile. Kisha akatia Grigri. Kwanza aliupitisha mkia wa kamba katika karabina nyingine iliyokuwa pembeni, akanieleza kwamba Grigri ikifungwa mwambani badala ya kiunoni, mkia hauna budi kukunjwa hivyo, ama msuguano hautoshi wakati wa kumteremsha mtu. Akaondoa mkono, gunia likasimama. Nikafurahi moyoni nikadhani nimepata wakili. Lakini hakuwa amemaliza. Alifungua mpini hata mwisho, asiushike mkia: gunia likaenda chini kama halikufungwa. Akalivuta juu tena, akaibonyeza kabari kwa kidole gumba kama nilivyofanya mimi, akaachilia: gunia likaanguka puu, sawasawa na lilivyoanguka kwa Nane. Tena akachukua kamba nyembamba, akailoweka kijitoni, akairudia kazi ile bila kuibonyeza kabari. Gunia liliteleza kidogo kabla ya kubanwa. Maana kifaa hiki kina kipimo chake. Grigri ya mwaka 2019, kwa mfano, yatumika kwa kamba za unene wa milimita 8.5 hadi 11, na kamba iliyo nyembamba au yenye maji huteleza zaidi kuliko nene iliyo kavu.

Mwisho akatia kapi lenye meno. Gunia lilikamatwa papo hapo, halikushuka hata kidogo. Nikasema, "Basi hiki ndicho bora." Akajibu, "Haya, literemshe." Nikahangaika nalo. Halikuteremka. Ilitubidi sote wawili kuliinua gunia kwa nguvu ili uzito utoke katika meno, ndipo tukaweza kulifungua. Akaniuliza, "Kama gunia hili ni wewe, uko katikati ya jabali, peke yako, mkono umeumia, nani atakuinua?" Sikuwa na jibu. Tena alinionya kwamba meno yale yaweza kuichana kamba yenyewe, ikiwa mtu ameiacha ilegee kisha akaanguka kwa kishindo.

Kwa siku ile moja nilijifunza kuliko kwa miaka miwili ya kutazama. Nane na Bakuli ni vyuma vya kuteremkia, navyo si vya waoga wala wazee. Lakini mwenye kuvitumia yafaa afunge chini yake fundo la Prusik kwa kikamba chembamba. Fundo hilo lilitangazwa na Mwaustria Karl Prusik mwaka 1931, nalo hukaza lenyewe mkono ukiachilia. Grigri ni nzuri kwa kumlinda mwenzako na kwa kumteremsha, mkono ukiwa katika mkia wa kamba daima. Haikutengenezwa kwa mtu apandaye peke yake. Kapi ni zuri kwa kupanda peke yako, lakini wajuzi hutumia mawili, wala hawayaamini hata hayo mawili: hufunga mafundo katika kamba kila baada ya mita chache, na kiunoni huchukua chuma cha kuteremkia, kwa sababu kapi halijui kurudi.

Hata kanuni za Ulaya hazimdanganyi mtu juu ya jambo hili. Kanuni iitwayo EN 15151-1, ya mwaka 2012, ambayo hupima vifaa vya namna ya Grigri, huvitaja kuwa ni breki ambazo kufunga kwake husaidiwa na mkono. Haisemi kwamba vyafunga vyenyewe. Na wale watengenezaji wa Ufaransa walipotoa Grigri+ mwaka 2017, waliongeza jambo moja: mtu akiingiwa na hofu akauvuta mpini kupita kiasi, kamba hubanwa tena. Maana yake ni kwamba hata wao walikwisha kuijua tabia ya mkono wenye hofu. Hata hivyo katika maelezo yao mkono haukuondolewa katika mkia wa kamba.

Sikuruhusiwa kugusa kamba tena mpaka Pasaka. Kazi yangu ilikuwa kukaa chini ya genge na kuushika mkia wa kamba ya wageni, kama binamu yangu alivyonifanyia. Mwanzoni niliona haya, maana ndiyo kazi ya mwanafunzi. Baadaye nilijifunza mengi pale. Niliona kwamba mgeni akiwa juu kabisa hushuka kwa taabu, kwa kuwa uzito wa kamba yote iliyo chini yake huivuta na kuwa kama breki. Bali akikaribia chini kamba huwa nyepesi, na mwendo huongezeka, wakati ule ule ambapo yeye mwenyewe amekwisha kuchoka na kudhani hatari imepita. Hapo ndipo mtu wa chini ana kazi. Mara mbili nimeivuta kamba kwa nguvu na kumsimamisha mtu ambaye mikono yake ilikuwa imekwisha kulegea. Hao wawili walipofika chini walinishukuru, wakaenda kupiga picha. Nikamkumbuka binamu yangu, ambaye mimi sikumshukuru siku ile hata kidogo. Jioni nilimwendea nikamwambia ahsante. Akanijibu, "Ya nini, Kaka?" Nikamwonyesha kiganja. Akacheka, akasema mbuzi ndio waliopata hasara, maana walichapwa kwa sababu ya mahindi.

Ninyi wanafunzi wa zamani, najua baadhi yenu huja Sipi pamoja na jamaa zenu siku za sikukuu. Mkitaka kuteremka, msione haya kumwuliza mwenye kamba maswali matatu: mwisho wa kamba una fundo? Nani anaushika mkia? Na nikiachilia mikono yote miwili, kitu gani kitanishika? Akikasirika kwa maswali hayo, rudini nyumbani mkanywe kahawa. Mjomba hakasiriki, huyapenda kuliko malipo.

Na ninyi wadogo zangu mnaobaki, msidhani nawakataza kupanda. Mimi napanda hata leo, tena nimekwisha kupanda lile lile jabali la nyuma ya shamba, mjomba akiwa chini na kamba mkononi. Nawaambia tu kwamba siku ile nilivaa chuma kiunoni kama mtu avaavyo hirizi shingoni: nikifikiri kitu kile kitaniokoa, hata nikifanya nini mimi. Hakikuharibika, wala hakikunidanganya. Kilifanya yote kiliyotengenezewa kufanya, mara tu nilipokitolea kidole changu. Ndiyo habari ya kovu hili. Sufuria haikuwa na hatia.